Nikikimbia, si nitayamaliza magoti?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 26, naishi Gungu hapa Kigoma, kazi yangu ni kuanika na kufungasha dagaa Kibirizi. Chuoni nilikuwa nacheza netiboli, namba yangu senta. Mwaka jana vidole vya mikono yote miwili vilianza kuvimba, ikafuata miguu, kisha magoti. Nilitibiwa taifodi mara tatu kabla sijafika kwa daktari bingwa akaniambia ni baridi yabisi. Sasa nameza methotreksati kila Ijumaa na vidonge vya foliki, na uvimbe umepungua sana, ila asubuhi vidole vinakaza kama nusu saa hivi. Shida yangu ni mwili. Nimeongezeka kilo 9, nikipanda ngazi nahema. Mama anasema nitulie, mifupa inasagika, na kwamba upepo wa ziwani ndio ulionipa ugonjwa. Kaka anasema kazi ninayofanya kutwa ni mazoezi tosha. Rafiki yangu anataka twende kuogelea au jimu. Mimi natamani kukimbia na kurudi uwanjani. Nikifanya hivyo si nitayamaliza magoti? Na kama inafaa nianzie wapi? Naweza kumeza diklofenaki kwanza ili nisisikie maumivu?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikurekebishe kidogo kabla hatujaenda mbali: mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ingawa huku kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari na nilishaacha kubishana. Kwa hiyo habari za dawa nitazigusa pale tu zinapokutana na mazoezi. Mengine muulize daktari wako.

Umeuliza mengi, lakini nikiyakunjua yote naona hofu moja: kwamba viungo vyako sasa ni kama kipande cha sabuni, kila ukivitumia vinapungua, kwa hiyo heri uvibane visiishe mapema. Sitaki ungoje hadi mwisho ndipo upate jibu. Fanya mazoezi. Kukimbia utakimbia, si wiki hii. Netiboli tutaizungumza. Diklofenaki ya kumeza ili usisikie maumivu, hapana, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na mama, maana usipomwelewa mama hutafanya mazoezi hata siku moja ukiwa nyumbani kwake. Mama ameona wanawake wa rika lake ambao magoti yamechakaa kwa umri, uzito na miaka ya kubeba mizigo. Hilo ni tatizo la kweli, lakini si lako. Lugha yetu nayo imemponza, kwa sababu tunaita baridi yabisi karibu kila maumivu ya viungo, na jina lenyewe linampeleka mtu kwenye baridi na ukavu. Ugonjwa wako haukutokana na kuchakaa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imemkosea adui, ikaanza kuushambulia utando laini unaokizunguka kiungo kwa ndani. Utando huo unavimba, unanenepa, unamwaga maji kupita kiasi, na ukiachwa hivyo kwa miezi na miaka huanza kula gegedu na mfupa wa pembeni yake. Ndiyo maana ulikujia mikono yote miwili kwa pamoja, ukaanza na viungo vidogo vya vidole, ukakuamsha umekaza. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na kuupata ukiwa na miaka ishirini na kitu si jambo la ajabu.

Upepo wa ziwa tuuache. Ungekuwa ndio chanzo, wavuvi wanaokesha katikati ya Tanganyika wakivua dagaa kwa taa wangekuwa wa kwanza kupinda vidole, wote, pamoja na manahodha wao. Ubaridi unaweza kukufanya ujisikie umekakamaa zaidi, hilo nakubali, na sweta asubuhi ni wazo zuri. Lakini sweta haizuii kinga yako kukosea. Kinachoizuia ni ile methotreksati ya Ijumaa.

Sasa neno la mama la pili, kwamba mifupa inasagika. Hapa ndipo penye siri ya jambo zima, nivumilie. Ncha za mifupa ndani ya kiungo zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Ukichinja kuku ukavunja goti lake utaliona. Gegedu halina mishipa ya damu. Sasa linakula nini? Linafanya kama dodoki: ukilikandamiza linatoa maji machafu, ukiliachia linafyonza uteute mpya wenye chakula. Kukandamizwa na kuachiwa huko hutokea unapotembea, unapokunja na kukunjua goti. Mtu anayekaa kitini mwezi mzima kulinda gegedu lake analinyima chakula.

Halafu kuna misuli. Goti likijaa maji, hata kidogo, neva hupeleka taarifa inayouambia msuli mkubwa wa mbele ya paja upunguze kazi. Hukuamua wewe. Msuli unazimwa kama taa. Baada ya wiki chache unasinyaa, na ule ndio msuli uliokuwa unapokea kishindo kila unapokanyaga. Ukishasinyaa, kishindo kinashuka moja kwa moja kwenye goti, goti linauma, unatulia zaidi, msuli unasinyaa zaidi. Wagonjwa wengi wanaoniambia "goti limeisha" nikiwapima nakuta kilichoisha ni paja.

Usidhani kwamba sisi wataalamu tulilijua hili tangu zamani. Kwa miaka mingi wagonjwa wa namna yako walilazwa kitandani kwa wiki kadhaa, viungo vimefungwa visicheze, kwa nia njema kabisa. Hofu ilikuwa ileile ya mama yako. Baadaye Waholanzi wakaamua kuijaribu hofu hiyo. Waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 300 kwa miaka miwili. Nusu walifanya mazoezi mazito mara mbili kwa wiki, zaidi ya saa nzima kila mara: baiskeli, mzunguko wa vituo vya nguvu, na mchezo wa kurukaruka. Majibu yalichapishwa mwaka 2003 na 2004. Waliofanya mazoezi walikuwa na nguvu zaidi, na picha za eksirei za mikono na miguu hazikuonyesha kwamba viungo vyao vimeharibika kuliko vya wenzao. Tahadhari ilibaki kwa wale ambao kiungo kikubwa, kama goti au bega, kilikuwa kimeshaharibika sana kabla ya kuanza. Nitairudia tahadhari hiyo chini, usiiruke.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa uwanjani: mcheza tenisi Caroline Wozniacki wa Denmark alishinda Australian Open Januari 2018, na Oktoba mwaka huohuo akatangaza kwamba ana ugonjwa huu huu. Aliendelea kucheza hadi alipostaafu 2020, akarudi tena 2023. Simtaji ili ujilinganishe naye. Yeye ana daktari na mtu wa kumkanda kila anapokwenda, wewe una daladala ya Kibirizi. Namtaja ili siku mama akisema "watu wa ugonjwa huo hawachezi" uwe na la kumjibu, kwa adabu.

Sasa kaka. Kaka ana hoja, tena hoja ambayo wataalamu wengi wa mjini hawaijui kwa sababu hawajawahi kuanika dagaa. Kuinama kutwa juu ya nyavu, kugeuza, kukusanya, kufunga viroba ni kazi inayotoa jasho. Lakini inatumia mwili vibaya kwa mahitaji yako. Vidole vinabana vilevile mara elfu, kiuno kimekunjwa vilevile, mapafu hayafikishwi mahali pa kuhema, na msuli wa paja unakaa tu umening'inia. Kazi inachosha sehemu zilizokwisha kuchoka na kuziacha zilizolala ziendelee kulala. Mazoezi ni kinyume chake: unachagua sehemu, unachagua uzito, unaongeza kidogo kidogo, unapumzika. Ungeongezeka kilo 9 kama kazi ingetosha? (Kama mwanzoni ulipewa prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, sehemu ya kilo hizo ni yake, huleta njaa isiyo ya kawaida. Usiache dawa hiyo ghafla kwa sababu ya uzito, ni hatari. Mwambie daktari.)

Kuhusu uzito, Marekani waliwahi kuwapima watu wazima wanene wenye magoti yaliyochakaa, wakakuta kila kilo moja iliyotoka mwilini iliondoa karibu kilo nne za mgandamizo gotini kwa kila hatua. Wale si wewe, kwa hiyo usipige hesabu ya moja kwa moja. Ila inakuonyesha kwamba huna haja ya kurudi umbo la chuoni ndipo goti lishukuru. Kilo mbili tatu tayari ni habari njema. Na kwenye sahani sina vita na migebuka wala dagaa wako, ambao ukiwala wazima na mifupa yao wanakupa madini ya kujenga mfupa. Nina vita kidogo na ukubwa wa tonge.

Kabla hujafunga raba, lishike hili moja, maana ndilo litakalokuongoza kuliko orodha yoyote ya mazoezi. Usipime zoezi kwa maumivu ya wakati unapolifanya. Lipime kwa asubuhi ya kesho yake. Umesema vidole hukaza nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo mwamuzi wako. Ukifanya zoezi leo jioni, ukaumwa kidogo, maumivu yakatulia ndani ya saa mbili, na kesho umekaza nusu saa ileile, mwamuzi amepiga filimbi mchezo uendelee. Ukiamka umekaza saa nzima, au goti limejaa, ulizidisha. Usiache, punguza theluthi moja, ujaribu tena. Asubuhi tatu mfululizo zikiwa nzuri, ongeza kidogo. Maumivu ya misuli, yale ya paja zima kuuma ukikaa chooni, hayo ni ya kawaida kwa mtu aliyeanza, hayahesabiwi. Tunahesabu maumivu ya ndani ya kiungo, joto na uvimbe.

Ukishaelewa mwamuzi huyu utaelewa kwa nini nimekataa diklofenaki. Siikatai kwa ujumla, daktari anaweza kukupa siku mbaya. Naikataa kama kiziba masikio. Ukimeza ili usisikie, unakimbia huku mwamuzi amefungwa kitambaa machoni. Isitoshe, inachubua tumbo, inapandisha presha, inalemea figo, na methotreksati nayo hutoka mwilini kwa njia ya figo. Hivyo viwili vikichanganywa kiholela, bila daktari kujua, ni ugomvi usiouhitaji.

Nianzie wapi? Na kutembea. Najua unatamani zaidi ya hapo, lakini ulinieleza unahema kwenye ngazi, na moyo haujui kwamba ulikuwa senta. Dakika 10 kila siku kwa wiki ya kwanza, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Lengo la mbele ni lile Shirika la Afya Duniani lililoliweka kwa watu wazima wote, wakiwemo wenye magonjwa sugu: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili za kujenga nguvu. Usilikimbilie. Wengi wa wagonjwa wangu huchukua miezi mitatu kufika 150, na wanaofika kwa wiki mbili huwa nawaona tena wiki ya tatu wakichechemea.

Usitembee alfajiri. Watu wetu wanapenda mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi, lakini huo ndio wakati viungo vyako vimekaza kuliko wakati wowote. Jioni jua likipungua ni bora. Na chagua njia. Mji wetu ni wa milima, ukitoka Mwanga kwenda stesheni unashuka hadi ziwani. Watu huogopa kupanda kwa sababu wanahema, kumbe kinacholikera goti ni kushuka, pale msuli wa paja unapofanya kazi ya breki. Mwezi wa kwanza na wa pili panda kwa miguu, kushuka chukua daladala. Mtu akikucheka mwambie umetumwa.

Kisha nguvu, siku mbili kwa wiki, na hizi zisiwe siku za kufuatana. Chukua kiti kigumu cha mbao. Simama na kuketi bila kujisukuma kwa mikono, taratibu wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda, mara 8, pumzika, rudia. Kiti kikiwa kifupi sana weka mto. Ukifika 12 bila shida, toa mto. Baada ya hapo simama mbele ya ukuta, uusukume kama mtu anayepiga pushapu akiwa wima; viganja vikiuma ukivikunja, tumia ngumi au egemea kwa mikono ya mbele, toka kiwiko hadi kifundo. Kwa mgongo na mabega, nenda kwa fundi baiskeli umwombe tyubu iliyochakaa, ikate iwe utepe, izungushe kwenye nguzo, uvute viwiko vikirudi nyuma. Usiibane kwa vidole: funga kitanzi, pitisha mkono ndani, kivute kwa kifundo. Mipira ya kuagiza kwa bei kubwa haifanyi chochote ambacho tyubu haifanyi.

Vidole navyo vina mazoezi yao, na watu wengi huyadharau kwa sababu hayatoi jasho. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 2014 ulionyesha kwamba mpango wa mazoezi ya mikono, ya kunyoosha na ya nguvu, uliwasaidia watu wenye ugonjwa wako kutumia mikono vizuri zaidi hata baada ya mwaka mzima, juu ya dawa walizokuwa wakimeza. Kila siku jioni, ukiwa umetumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu: funga ngumi polepole, fungua, tandaza vidole, gusa kila kidole kwa dole gumba, zungusha kifundo. Kisha finya kitambaa kilicholowa, kwa kiganja chote, bila kukisokota. Kusokota ndiko kunakoponza. Ukifua mashuka, usiyakamue kwa kupinda vifundo. Yaning'inize kwenye kamba yachuruzike, au mwite huyo kaka mwenye hoja. Mwiko wa ugali uzungushie kitambaa mpini uwe mnene, kwani kadiri unavyobana kitu chembamba ndivyo viungo vidogo vinavyoumia.

Kuna jambo hukuuliza lakini nalijua lipo: uchovu. Si usingizi, ni ule uzito wa kutoka mifupani ambao watu nyumbani wanauita uvivu. Unatokana na ugonjwa wenyewe. Siku hiyo ikija, akili itakuambia ulale, na wakati mwingine iko sahihi. Lakini jaribu dakika tano za kutembea kabla hujaamua. Ukizidi kuchoka, rudi ulale bila kujilaumu. Mara nyingi dakika ya sita inakuja yenyewe, na wengi wanaodumu na mazoezi huniambia kwamba uchovu ndio uliopungua kwanza, hata kabla ya uzito.

Tuje ziwani, kwa rafiki yako. Kwa viungo, maji ni karibu dawa. Ukiingia hadi kifuani, maji yanabeba sehemu kubwa ya uzito wako, unaweza hata kukimbia mle ndani bila kishindo, na Tanganyika si ziwa la maji ya barafu. Ningekuwa mahali penye bwawa safi la kuogelea la bei nafuu ningekuambia nenda kesho. Lakini nitakuwa mnafiki nisipotaja kichocho. Konokono wanaobeba vimelea wapo kwenye fukwe zetu, hasa pale maji yametulia, pana majani, na watu wanaoga na kufua. Vimelea hupenya kwenye ngozi bila wewe kujua. Wewe unatumia dawa inayoishusha kinga. Mamba nao, mahali pengine, si hadithi. Uamuzi wangu: ziwa lisiwe zoezi lako la kila siku. Ukienda mara mojamoja na wenzako, mahali wenyeji wanapopajua, kaa muda mfupi, na mweleze daktari wako ili upimwe kichocho kwa wakati unaofaa na upewe dawa ukihitaji. Mwingine angekukataza kabisa, na sitabishana naye.

Jimu sina tatizo nayo. Mweleze mwalimu wa pale ugonjwa wako, omba mashine zisizohitaji kubana chuma kwa vidole, na baiskeli ya kukaa. Mtu akikuuzia kidonge au unga usio na jina wa "kuondoa baridi yabisi", ukaamka kesho umepona kabisa, ogopa zaidi kuliko ungefurahi. Dawa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi na steroidi zilizofichwa, na uponyaji wa usiku mmoja ndio alama yao.

Haya, netiboli. Nikuambie ukweli, ni miongoni mwa michezo migumu kwa kiungo chako. Ukidaka mpira huruhusiwi kuendelea na hatua, lazima usimame pale pale, na mwili uliokuwa unakimbia unasimamishwa na goti na kifundo cha mguu. Vidole vinapokea mpira wenye kasi. Senta ndiye anayezunguka uwanja karibu mzima. Hata hivyo sisemi hapana. Nasema: ukiwa umetembea miezi mitatu, unaweza kuinuka kitini mara 20, unaweza kusimama kwa mguu mmoja na kuchuchumaa kidogo bila goti kuingia ndani, na daktari ameridhika kwamba ugonjwa umetulia, anza kukimbia kwa kuchanganya, dakika moja kukimbia na mbili kutembea, kwenye udongo na si kwenye lami. Ukizoea hilo, nenda uwanjani ukatupe golini tu, bila kurukiana na mtu. Mfungaji anafanya kazi ndani ya eneo dogo. Najua kwa senta kuambiwa awe mfungaji ni kama kushushwa cheo. Ifikirie kama namba mpya.

Kuna siku ugonjwa utaamka, hata ukifanya kila kitu sawasawa. Kiungo kinakuwa cha moto na kimejaa. Siku hizo acha uzito na mwendo mrefu, lakini usikigandishe. Kipeleke taratibu hadi mwisho wa mahali kinapofika, mara chache, mara mbili kwa siku, na ukaze msuli wa paja ukiwa umelala, sekunde tano tano, bila kukunja goti. Zikipita, anza kwenye nusu ya ulipoishia.

Mengine hayasubiri mwamuzi wa asubuhi. Kiungo kimoja tu kikivimba ghafla, kikawa chekundu, cha moto, na una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kinaweza kuwa na usaha. Shingo ikiuma kuelekea kisogoni, au ukisikia shoti ikishuka mikononi, ganzi, miguu kukosa nguvu, acha mazoezi yote na uonwe haraka. Hadi hapo usibebe ndoo kichwani. Kikohozi kikavu na kubanwa pumzi visivyoeleweka, vidonda vya mdomo, homa: nenda, na kokote uendako, hata kama unakwenda kupima malaria tu, sema "natumia methotreksati, mara moja kwa wiki." Lisisitize hilo la wiki, maana watu wameumia kwa kuandikiwa kila siku. Usikubali Septrin, ile antibayotiki, kabla hujalisema, dawa hizo mbili pamoja zinaweza kuangusha damu vibaya. Na kama unafikiria mtoto, zungumza na daktari kabla hujashika mimba, kwani methotreksati humdhuru mtoto tumboni na huachwa mapema.

Kwa upande wangu wa kazi, ningependa mtu akushike magoti kwa mikono yake, jambo ambalo maandishi hayawezi. Ulizia fiziotherapia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, kabla hujaanza kukimbia, hasa ili kujua kama goti mojawapo limeshaharibika kwa ndani. Ile tahadhari ya Waholanzi inahusu hapo, na ikiwa ndivyo tutabadili kukimbia kuwe baiskeli. Nenda na daftari lenye wiki mbili za asubuhi zako, umeandika ulikaza dakika ngapi na jana yake ulifanya nini. Na zile raba zako za chuoni zipeleke pia, hata kama zimechanika. Soli iliyolika upande mmoja hutuambia jinsi unavyokanyaga kabla wewe hujafungua mdomo.